Mida kwa mtazama ndege na mvuvi: safari inayopangwa kwa maji

Ukifika hori la Mida saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, utakuta uwanja mpana wa matope unaometa juani, na ndege wako mbali kiasi cha kuwa vidoa tu. Utapiga picha mbili tatu za mikoko, utakunywa dafu, utaondoka ukisema sifa za Mida zimetiwa chumvi. Mwenzako akija saa nane mchana siku hiyohiyo, mahali hapohapo, atakuta maji yanapanda na ndege wanasukumwa kuja kwake kundi baada ya kundi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza maji yanajaa saa ngapi.

Mida, au Mida Creek kama ilivyoandikwa kwenye ramani, iko kaunti ya Kilifi, kusini ya mji wa Watamu. Bahari inaingia bara kwa mlango mwembamba, kisha inatanuka na kuzungukwa na mikoko. Hori lote limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika. Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420. Matope, mikoko, miamba, maji makuu na msitu, vyote ndani ya mwendo wa tuktuk. Sijui pahala pengine pwani ya Kenya ambapo mtu asiye na gari anaweza kuvipata vyote hivi kwa siku nne.

1. Chagua msimu

Vitwitwi na jamaa zao wanaozaliana Siberia na kaskazini ya mbali huanza kuteremka Agosti na Septemba. Kuanzia Oktoba hadi Machi matope ya Mida yamejaa. Aprili wanaondoka, na wiki za mwisho kabla ya kuondoka ndizo za raha kwa mwenye jicho, maana wengi huwa wameshavaa manyoya ya harusi: ndege aliyekuwa wa kijivu miezi yote anageuka rangi ya matofali kifuani na tumboni.

Kwa mvuvi, mambo yanafuata pepo. Kusi likivuma kwa nguvu, kati ya Mei na Julai, bahari ya nje inachafuka na vyombo vingi vya Watamu vinapandishwa pwani. Kuanzia Agosti au Septemba vinarudi majini, na kaskazi ya Desemba hadi Machi ndiyo inayotuliza bahari na kusafisha maji. Ukitaka ndege na samaki kwa nauli moja, njoo kati ya Novemba na Machi. Desemba ya sikukuu iepuke kama unaweza. Vyumba vinapanda bei na ufuo unajaa watu.

Julai hadi Septemba ina jambo lake. Nyangumi wenye nundu hupita mbele ya Watamu wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa, na manahodha huwapeleka watu kuwatazama. Lakini huo ni msimu wa tumbo gumu. Asiyezoea mawimbi asijidanganye.

2. Chagua siku kwa mwezi

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na hapa ndipo kalenda ya Kiislamu ya ukutani inasaidia kuliko programu yoyote ya simu. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hufikia kilele siku moja au mbili baadaye. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, hadi zikifika siku za maji mafu mambo yamepinduka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Ndani ya Mida mabadiliko huchelewa kidogo kuliko ufuoni kwa sababu maji yote yanapita mlango mmoja mwembamba.

Ndege wa matope hula maji yakiwa yametoka. Yakipwa kabisa, wametawanyika kwenye eneo kubwa na huwezi kuwafikia. Yakijaa kabisa, wamekwenda kupumzika kwenye visiwa vya mchanga au juu ya mikoko. Dirisha lako ni saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Daraja la Mida, ambako utaketi kutazama ndege, liko upande wa bara, magharibi ya hori, kwa hiyo alasiri jua liko mgongoni mwako na rangi zinaonekana. Asubuhi unatazama jua usoni na kila ndege ni mweusi. Ukijumlisha haya mawili unapata jibu: siku moja hadi tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, kuanzia saa nane mchana.

Mvuvi wa mshipi ndani ya hori anataka kinyume chake. Kwenye bamvua mkondo unakimbia hadi chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, haikai chini, na maji yanabeba majani na matope. Maji mafu ndiyo yake. Basi fika maji yakiwa ya bamvua, maliza ndege kwanza, kaa siku tano au sita hadi maji yafe, kisha shika mshipi. Kama huna siku hizo, tazama ndege na uende kuvua bahari ya nje, ambako bamvua hailetei shida kubwa hivyo.

3. Kufika

Kutoka Nairobi unaweza kuruka hadi Malindi, au kupanda treni ya SGR hadi Miritini, kisha matatu za Malindi kutoka Mombasa. Ni kama kilomita 100 hadi Gede, kupitia Mtwapa na Kilifi. Mwambie makanga mapema kwamba unashuka Mida, si Watamu, kama unakwenda darajani moja kwa moja. Ukinyamaza utapitishwa hadi Gede. Kwa malazi ya Watamu, shuka Gede na uchukue tuktuk au bodaboda.

Kulala Watamu ni rahisi zaidi, na vyumba viko vya kila mfuko. Mimi ningependelea Mida au Dabaso, karibu na maji, hata kama taa si za uhakika. Mbu wapo, hasa baada ya mvua. Chandarua, dawa ya kupaka na mikono mirefu ifikapo magharibi. Malaria haichagui mgeni.

4. Vibali na malipo

Mipaka ya hapa inawachanganya hata wenyeji wa Mombasa. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu, kwenye miamba ya matumbawe, hairuhusu kuvua chochote: samaki, kombe, wala kipande cha tumbawe kilichokufa. Eneo la akiba linaloizunguka, ambalo Mida ni sehemu yake, linaruhusu uvuvi wa jadi kwa zana halali. Yote yako chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na tiketi za hifadhi hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa noti mlangoni. Fungua akaunti ukiwa bado na mtandao mzuri. Mwenye kitambulisho cha Kenya au cha nchi za Afrika Mashariki aje nacho, maana bei hutofautiana.

Daraja la Mida na waongozaji wake ni mradi wa jamii, na ada yake ni mbali na ya KWS. Lipa bila kunung'unika. Mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya, hutumia mapato ya utalii wa hapa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu na hori. Mzazi ambaye mtoto wake anasomeshwa na mikoko ana sababu ya kutoikata.

5. Mzigo

Darubini kwanza. Ya nane kwa arobaini na mbili inatosha. Aliye na ile kubwa ya miguu mitatu ailete, kwa maana Mida ni pahala pa kutazama mbali. Kofia, maji ya kunywa kwenye chupa ya kudumu (chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi ya Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020), na nguo za rangi tulivu. Miguuni vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino. Ndara zitabaki ndani ya matope, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata kama wembe.

6. Alasiri darajani

Daraja ni la mbao na kamba, linaning'inia katikati ya mikoko na linayumba unapotembea. Anayeogopa apite peke yake, wenzake wangoje. Uliza hali ya mbao kabla ya kupanda. Mwishoni kuna kibanda kinachotazama matope. Kaa kimya, keti, acha maji yafanye kazi.

Njiani usiikimbilie mikoko. Muulize mwongozaji akuonyeshe tofauti: mkoko wenye mizizi ya kuinama kama miguu ya buibui, mchu wenye vijiti vilivyosimama matopeni kama penseli, muia wenye magoti, mkandaa ambao gome lake lilitoa rangi ya kutia nyavu na tanga. Boriti za nyumba za zamani za Lamu na Zanzibar, na za Arabuni pia, zilikatwa kwenye misitu kama hii.

Ndege ambaye watu wanavuka bahari kuja kumwona hapa ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene kama kisu cha mchinjaji. Wanasayansi humwita Dromas ardeola. Anakula kaa, na mdomo ule umeumbwa kwa kazi hiyo. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, na hufanya jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa matope anayelifanya: huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, ambako joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kisha anakuja huku na mtoto wake. Majahazi ya zamani yalingoja kaskazi ndipo yaje kutoka Oman; yeye hangoji, Agosti ameshaanza kufika. Tafuta wale wa kijivu wanaofuatana na wakubwa huku wakilia bila kukoma. Ni watoto wa mwaka huo, na wazazi bado wanawalisha baada ya safari yote ile. Nimeona watu wazima wakicheka peke yao darajani kwa kuwatazama.

Wengine watakaokaribia maji yakipanda: sululu mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, anayepiga mluzi wa haraka na hupenda kutua juu ya mikoko, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, anayekimbia kama aliyesahau kitu, na wale wadogo wa mchangani wa aina mbili zinazofanana mno, mmoja mkubwa kidogo mwenye mdomo mnene, mwingine mdogo mwenye mdomo mwembamba. Usimalize alasiri yako kwa hao wawili. Yangeyange wa pwani yetu ana namna mbili, nyeupe na nyeusi ya kijivu, na zote mbili zinaweza kusimama pamoja. Furukombe huja akipita, na vitwitwi wote huruka kwa mpigo mmoja. Miezi mingine heroe, ambao wengi wamezoea kuwaita flamingo, hutua ndani kabisa ya hori.

Usiondoke jua likianza kushuka. Kati ya Novemba na Machi keremkerem wekundu, waliokwenda kula nyuki na panzi bara kutwa nzima, hurudi kulala kwenye mikoko, makundi yakipita juu ya kichwa chako hadi giza liingie.

Onyo moja: usishuke matopeni peke yako kufuata ndege. Kuna sehemu mguu unazama hadi paja, na maji ya bamvua yakirudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako.

7. Kuvua

Ndani ya hori, tafuta mvuvi aliyeandikishwa kwenye BMU, kile kikundi cha wavuvi cha ufuo, ukavue naye kwenye mtumbwi wake. Kubalianeni bei, saa na nani anabaki na samaki kabla ya kushika upondo. Mshipi wa mkono, ndoana ndogo, chubwi nyepesi, chambo cha kamba au ngisi. Siku za maji mafu, anza maji yanapoanza kujaa, mjiweke kando ya mfereji na si katikati yake. Utapata changu, tewa wadogo, pengine kolekole anayekimbiza mshipi hadi vidole viungue. Wadogo warudishe. Mida ni kitalu: samaki wanaovuliwa miambani wakiwa wakubwa wengi wao walilelewa kwenye mizizi hii.

Kuna zana ambazo usikubali kuzigusa hata ukiambiwa "hapa ni kawaida": juya la kukokota ufuoni, nyavu za uzi mmoja wa plastiki, na bunduki ya mishale. Zimekatazwa nchini Kenya, na faini itakuwa yako pia. Kasa akinaswa, asikatwe wala asipandishwe kwa picha. Watamu kuna Local Ocean Conservation, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakishirikiana na wavuvi kuwaachilia kasa walionaswa na kuwatibu walioumia. Nahodha yeyote wa hapa anajua namna ya kuwapata.

Ukipita kwenye maji yasiyofika magotini, buruta nyayo, usinyanyue. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na mwiba wake ni wa kukumbukwa maisha. Akisikia nyayo zinaburutwa huondoka mwenyewe.

Bahari ya nje ni gharama nyingine kabisa. Chombo hukodiwa kwa nusu siku au siku nzima, na watu wanne wakichanga inavumilika. Maji ya kina yako karibu na pwani hapa, ndiyo maana Watamu imejulikana kwa sulisuli, nduwaro, jodari na nguru. Hakikisha nahodha ana kibali cha uvuvi wa burudani, redio na maboya ya kutosha watu wote. Ukiona anaguna swali hilo, tafuta mwingine. Sulisuli na nduwaro huachiliwa baada ya kutiwa alama, kazi inayosimamiwa na African Billfish Foundation yenye makao yake papo hapo Watamu. Nguru na jodari ndio wa kula. Mweleze nahodha mapema unataka nini, maana baada ya samaki kufa mjadala hauna faida.

Asiyependa kuvua aende Dabaso, kwenye mkahawa wa Crab Shack uliojengwa na kikundi cha wanakijiji juu ya mikoko. Sambusa za kaa ndizo zinazowarudisha watu. Weka nafasi mapema jioni za wikendi.

8. Alfajiri msituni

Siku ambayo maji hayakufai, ingia Arabuko-Sokoke. Kituo cha msitu cha Gede kiko kandokando ya barabara kuu, na waongozaji wenye mafunzo hupatikana hapo. Uwe mlangoni saa kumi na mbili alfajiri. Ikifika saa tatu joto limewanyamazisha wote. Bila mwongozaji usiingie ndani: tembo wapo, na njia zinafanana.

Msitu una sura tatu: mchanganyiko wa miti mikubwa karibu na barabara, miti ya mrihi kwenye mchanga mweupe, na vichaka vizito vya udongo mwekundu. Katika hivyo vya mwisho anaishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, ambaye nje ya hapa anajulikana karibu tu chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Waongozaji wanajua matawi anayolala mchana. Kataa kabisa kumwita kwa sauti ya simu. Anayeitwa kila siku na kila mgeni mwishowe huhama. Kwera wa Clarke ni wa eneo hili tu duniani, na mahali anapojenga viota palijulikana mwaka 2013 tu, kwenye msitu wa Dakatcha kaskazini ya hapa. Chini kwenye majani makavu sikiliza mkwaruzo: ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa pua ndefu anayekimbia kama mpira uliorushwa.

Ukitoka mapema, magofu ya Gede yako karibu, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Yana miti mikubwa, kima, na kulukulu mwenye mabawa mekundu akiruka juu ya misikiti ya kale.

9. Ukibaki na siku moja: mlango wa Sabaki

Kilomita chache kaskazini ya Malindi, mto unaoanza kwa jina la Athi huko bara unaingia baharini ukiwa Sabaki, na mvua ikinyesha juu bahari yote ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapa pia njoo maji yakikaribia kujaa, ndipo membe na shakwe wanapokusanyika kwenye fungu la mchanga kwa maelfu. Kutoka daraja la Sabaki ni mwendo wa miguu hadi mlangoni, juani, bila kivuli. Chukua kijana wa pale akuongoze kando ya mto, kwa sababu viboko wamo na kutwa hujificha karibu na matete. Mwambie dereva wa tuktuk akungoje darajani, na uwe umerudi kwake kabla ya magharibi, saa ambayo viboko hutoka kwenda malishoni kwa njia hiyohiyo uliyopita.